Siku Charanjit Alipofika Kituo cha Kwanza

Ngugi anasema mechi bora ya msimu ni ile tuliyowalaza jamaa wa Wolverhampton. Barnabas, mume wangu, anasema ni ile iliyoahirishwa kwa sababu ya mvua, maana alirudi nyumbani mapema akalala. Mimi nawaambia wote wawili hawajui wanachosema. Mechi bora ilikuwa ya mwisho, ile tuliyopigwa mpaka mwamuzi akaanza kutuonea huruma. Kama kuna mtu anataka kubishana, aje hapa jikoni kwangu Sparkhill. Nitamkaribisha chai, halafu nitamnyamazisha.

Najua swali litakalofuata. Besiboli ni ya Wamarekani, sasa sisi tumeingiaje? Tumeingizwa na Ngugi. Huyu kijana wa watu alisomea Marekani, akatoka huko na digrii na ugonjwa mmoja. Alipopata kazi ya kompyuta hapa Birmingham, Uingereza, akaokota watu kanisani, kazini na kwenye basi, akaunda timu akaiita Korongo. Mwaka jana Korongo walipigwa na kila aliyejitokeza. Wangecheza na wale wazee ninaowaogesha kule Sutton Coldfield, wangepigwa pia.

Mimi nilianza kwenda mwaka huu, na sikuenda kwa ajili ya mpira. Nilienda kwa ajili ya Sabine.

Sabine ni Mkongo wa Uvira. Tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kulea wazee, tunapanda treni moja, na mgonjwa mzito tunamgeuza pamoja. Mtu ukigeuza wagonjwa naye miaka yote hiyo, unamjua hadi pumzi. Zamani huyu mama alikuwa na mdomo kunishinda mimi, na si watu wengi wanaonishinda. Halafu mumewe Félicien akaenda kwao kumwona mama yake, akaugua huko, akafa huko. Vita vilikuwa vimefunga njia, kwa hiyo Sabine hakuwahi kwenda kumzika. Alivaa nyeusi, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi, akanyamaza. Mwaka wa pili ulikuwa unaelekea kuisha na bado yuko vilevile.

Sasa mwanawe Arsène, kijana mkubwa anayefanya kazi ghalani, akaingia Korongo. Nikajiambia, hapa ndipo. Mama gani ataona mwanawe anacheza asifungue mdomo? Nikamtia Sabine garini, Barnabas akabeba viti vya kukunja na chupa za chai, tukaenda.

Haki, siku ile ya kwanza tuliaibika. Mimi nimelelewa kwamba ukifika mahali penye watu unasalimia, na unasalimia kwa mkono. Nikaanza na wachezaji wetu, nikaenda kwa wageni, halafu nikamwona kijana mmoja wao amesimama peke yake mbali kule kwenye nyasi, nikasema huyu naye ni mtoto wa mtu. Nimefika katikati ya uwanja, mkono umenyooka, mwamuzi akapiga kelele akisimamisha mchezo. Kumbe walikuwa wameshaanza. Ngugi aliniangalia kama mtu aliyeibiwa simu. Lakini yule kijana alinipa mkono, na mpaka leo tukikutana ananiuliza habari za nyumbani.

Halafu kuna lile jambo la chakula. Sisi tulipika, kama watu. Chapati, maharagwe ya nazi, kuku wa kukaanga, na Sabine akaleta sombe yake, yale majani ya muhogo ya kwao. Sasa ukipika, nani anaanza kula? Mgeni. Kwa hiyo mchezo uliposimama kidogo nikawapakulia wageni kwanza, na sahani nilizishindilia. Ngugi alilia, "Mama Cheryl, hao ni wapinzani!" Nikamwambia, "Mpinzani ni mgeni wa nani? Wamekuja kwa nani kama si kwetu?" Wakala, wakaongeza. Waliporudi uwanjani walikuwa wanakimbia kama watu waliobeba matofali. Tukashinda. Ushindi wa kwanza katika historia ya Korongo! Barnabas akajifuta masharubu akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tangu siku hiyo Ngugi hakunigombeza tena. Wiki moja nilichelewa na chapati, akanipigia simu mwenyewe kuuliza niko wapi.

Basi, tukawa timu. Tulishinda siku nyingine, tukashindwa siku nyingi, na watu wakaanza kuja. Akina mama wa kanisani, Wakongo wa Alum Rock, hata jirani yangu Abshiro na wanawe. Mimi nilijifunza sheria polepole. Mwanzoni mpira ukipaa juu sana nilikuwa naruka na kushangilia, kumbe ukidakwa kabla haujagusa chini mpigaji wetu ametoka. Nilishangilia vifo vyetu vyote vya mwezi wa tano.

Lakini Sabine, kimya. Arsène akipiga, mama yake anagusisha vidole kwenye kiganja, ta, ta, ta, kama mtu aliye ibadani. Barnabas alikuwa ananiambia, "Mwache. Kimya kingi kina mshindo mkuu." Mimi sijaumbwa kuacha watu. Siku moja tuko hapa jikoni, yeye anakata vitunguu, nikamvaa.

"Mama Arsène, kwani hiyo sauti umeiweka benki? Piga kelele kidogo, mtoto wako akusikie."

"Siwezi, Mama Cheryl. Niko mu kilio."

"Kilio gani tena? Mwaka wa pili huu!"

Akaweka kisu chini. "Kwetu kilio hakiishi chenyewe. Watu njo banakimaliza."

Akanieleza, kwa Kiswahili chao kile ambacho ndio ni "njo" na wa ni "ba". Kwao mjane anakaa kwenye nyeusi mpaka familia ya mume ikutane. Kaka mkubwa wa marehemu anasimama, anasema basi, imetosha. Wanamvua ile nyeusi, wanamvika kitenge kipya, na mjane mwenyewe ndiye anayepiga vigelegele vya kwanza, wanawake wa ukoo wanampokea. Hapo ndipo anarudi kuwa mtu kati ya watu. Lakini mjane akipiga vigelegele kabla ya siku hiyo, ni kama anashangilia kifo cha bwana wake.

"Na huyo kaka yuko wapi?"

"Baba Sagesse? Yuko Burundi, mu kambi, na mama mkwe. Anasema tungoje barudi kwanza Uvira. Anasema kitu kama hiki hakifanywi mu simu."

"Na wasiporudi?"

Akachukua kisu, akaendelea na vitunguu.

"Si umuulize, mama! Mwambie umechoka!"

"Mjane akiuliza atatolewa nyeusi lini, batasema nini? Batasema amepata mwanaume." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ninampenda mama mkwe wangu. Alinilea kama mtoto. Nikimpoteza ule, nimepoteza Félicien mara ya pili."

Nilikasirika, jamani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyo Baba Sagesse alikuwa ameketi huko akiuona wepesi. Nikasema, "Nipe namba yake, mimi sina cha kupoteza." Sabine akanitazama machoni. "Ukimpigia, mimi na wewe basi." Nikajua hatanii. Nikachukua kitunguu na mimi, nikakata.

Sasa nije kwa Charanjit.

Charanjit ni dereva wa basi, hiyo Stratford Road yote ni yake. Amekaribia kustaafu, ana tumbo, ana magoti mabovu. Daktari alimwambia afanye mazoezi, na Ngugi ndiye abiria aliyekuwa anashuka mlangoni wakati Charanjit analalamika habari hiyo. Ndivyo alivyoingia timu. Kazi ya mpigaji ni rahisi kueleza: unapiga mpira kwa gongo, halafu unakimbia mpaka kituo cha kwanza kabla mpira haujafika huko. Msimu mzima Charanjit hakuwa amefika. Mara apige hewa, mara apige mpira uende mikononi mwa mtu, mara apige vizuri kabisa halafu magoti yakatae. Kila akitoka anakuja kwetu akihema, anakaa kando ya Sabine, na Sabine anammiminia chai bila neno. Yeye naye hasemi neno. Nilizoea kuwaona hivyo, mmoja ana magoti, mwingine ana kilio, wanapuliza vikombe.

Mechi ya mwisho ilikuwa Septemba, kibaridi kimeanza, watu wamejifunika mablanketi. Wageni walikuja wakiwa wamekula kwao. Nadhani habari za chapati zilikuwa zimesambaa. Wakatupiga, wakatupiga tena. Ilipofika zamu yetu ya mwisho hakuna aliyekuwa akihesabu. Arsène ametoka, Ngugi mwenyewe ametoka, na anayefuata ni nani? Charanjit. Watu watatu wakitoka zamu inakwisha, kwa hiyo akitoka yeye, msimu umekwisha.

Akaenda pale na gongo lake. Mpira wa kwanza akapiga hewa. Wa pili akapiga hewa na karibu aanguke, na ukikosa mara tatu umetoka. Akina mama wakaanza kukunja viti. Mimi nilikuwa nafunga chupa ya chai, na nilimwambia Barnabas atafute ufunguo wa gari.

Wa tatu, akaugusa.

Sitasema aliupiga. Aliugusa, ukadondoka mbele kidogo, ukaanza kujiviringisha kwenye nyasi kama ndimu iliyoanguka kutoka kikapuni. Mrushaji wao, yule anayemtupia mpigaji mpira, akaukimbilia, na nyasi zilikuwa na umande, akateleza akakaa chini. Na Charanjit anakimbia! Woi, anakimbia! Tumbo linaenda kushoto, magoti yanaenda kulia, helmeti imemfunika macho, na kila mtu amesimama, hata waliokunja viti. Mrushaji akainuka, akamtupia mpira mwenzake wa kituoni. Charanjit akamalizia kile kipande cha mwisho kwa kujirusha, mguu ukakanyaga kituo, na mpira ukafika baada yake. Mwamuzi akafungua mikono: yuko salama.

Ndipo vigelegele vikapasuka nyuma ya sikio langu.

Nyinyi mnaojua vigelegele mnajua kuna vile vya kusaidia harusi na vile vyenyewe. Hivi vilikuwa vyenyewe. Virefu, vya juu, vya mtu aliyezaliwa navyo, vilikata uwanja mzima, mbwa wakaanza kubweka kule kwa majirani. Watu wakaniangalia mimi, maana nani mwingine? Nikageuka. Sabine alikuwa amesimama juu ya kiti cha kukunja, nguo nyeusi inapepea, kichwa amekirudisha nyuma, mkono mdomoni.

Halafu akajisikia. Niliona kabisa alipojisikia. Mkono ukabaki pale pale, lakini sasa ulikuwa unaziba.

"Nimefanya nini," akasema. "Mama Cheryl, nimefanya nini?"

Akashuka, akaenda moja kwa moja garini, akafunga mlango. Nyuma yetu Arsène alikuwa amesimama na kofia mkononi, hajui amfuate mama yake au asimfuate. Nikamwambia abaki. Mpigaji aliyemfuata Charanjit alitoka mara moja, mechi ikaisha, tukawa tumeshindwa. Charanjit akaja akichechemea, anauliza kwa Kiingereza chake kama yule dada ameumia, kama ni yeye amemtisha. Nikamwambia hapana, umefanya vizuri, nenda ukakusanye magongo.

Nikaingia garini, upande wa dereva. Sabine alikuwa analia bila sauti.

"Hakuna aliyejua," nikamwambia. "Nani hapa Birmingham atampelekea Baba Sagesse habari? Charanjit?"

"Mimi ninajua." Akajifuta kwa ncha ya kitambaa. "Nimevunja kilio cha bwana wangu juu ya mpira. Hata si mpira wa mtoto wangu. Nitamwambia shemeji mimi mwenyewe. Akinitoa mu familia, anitoe."

Akaitafuta namba, nikamshikia simu na kuweka sauti nje. Ikalia kwa muda. Mwishoni mwanaume akaitika, na nyuma yake makelele ya watoto na sufuria.

"Shemeji," Sabine akasema, "niko na kosa. Nimepiga vigelegele."

Nikamsikia akiwaambia watoto watoke nje.

"Juu ya nini?" akauliza Baba Sagesse.

"Mzee mmoja. Alikuwa anakimbia. Hajawahi kufika, shemeji, tangu mwezi wa ine hajawahi kufika, na leo akafika. Vikatoka vyenyewe. Pardon. Ninaomba pardon ku wewe na ku mama."

"Akafika wapi?"

Sabine alikuwa amezidiwa na machozi. Nikaona nisaidie. "Kituo cha kwanza," nikasema. "Shikamoo, mimi ni Mama Cheryl, ninafanya kazi na Sabine. Ni mchezo, kuna vituo vinne, unatakiwa uzunguke vyote urudi ulipoanzia, ndipo unapata pointi."

"Na huyo mzee alirudi alipoanzia?"

"Hapana. Alifika cha kwanza tu."

"Halafu mukashinda?"

"Tumeshindwa vibaya sana."

Nikasikia sauti ambayo sikuielewa. Nilidhani anakohoa. Baadaye kidogo nikagundua kwamba anacheka, na katikati ya kucheka akawa analia, mtu mzima yule.

"Sabine," akasema. "Mimi njo niko na kosa. Kila siku mama ananiuliza, huyu mutoto bado anavaa nyeusi? Ninamwambia tungoje turudi nyumbani. Lakini nyumba yetu iliungua, ninajua hivyo tangu zamani. Niliogopa. Nikisema kilio kimeisha, basi Félicien amekufa kweli, na nyumbani hakuna. Nikakuacha wewe peke yako ubebe hiyo nyeusi juu yangu."

Mimi nilikuwa nimeandaa matusi ya huyu mwanaume kwa miezi. Yote yakanipotea.

"Nilisema haifanywi mu simu," akaendelea. "Sasa umeshaifanya mu uwanja. Basi. Imetosha, Sabine. Toa hiyo kitambaa."

Sabine akaniangalia kama mtoto anayeuliza kama ni ruhusa. "Usiniangalie mimi," nikamwambia, "umeambiwa na mwenyewe." Akainua mikono akafungua fundo nyuma ya shingo, akavuta kitambaa, akakiweka mapajani. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi, na sikuwa najua.

Kule simuni kukawa na mvutano. Sauti ya bibi mzee ikasema kwa ukali nipe hiyo simu, halafu ikatujia karibu kabisa, kama ameiweka mdomoni.

"Ni nani alipiga vigelegele?"

"Ni miye, mama," Sabine akasema. "Ni Sabine."

"Miye sikusikia. Piga tena."

Sabine akavuta pumzi, akapiga. Ndani ya gari lililofungwa! Sikio langu la kushoto mpaka leo linaimba. Na alipofika mwisho, kutoka kwenye ile simu, vyembamba, vikikatikakatika na mtandao, vikaja vya yule bibi vikampokea.

Huko nje Charanjit alikuwa amekumbatia magongo. Akasikia, akageuka kulitazama gari, akadhani ni vyake tena. Akaweka magongo yote chini, akavua helmeti, akainama mbele yetu kama bwana harusi, na goti likamkwama huko chini asiweze kunyooka, mpaka Ngugi akakimbia kumwinua. Sabine alipoona hivyo akaangua kicheko, kile chake cha zamani, cha tumbo, hadi akanishika bega.

"Nani huyo anacheka?" bibi akauliza.

"Ni Sabine, mama," Baba Sagesse akamjibu. "Ni Sabine wetu."